Koili ya Silinda ya Nne

Kila Jumamosi Lela alikuwa na kazi tatu katika gereji ya mama yake: kufagia, kupanga spana kwa ukubwa, na kutozuia watu njia. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu alipenda kuona. Gereji yenyewe ilikuwa Kayole, kando ya Spine Road. Ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, chenye paa upande mmoja na matope upande wa pili kila mvua iliponyesha. Mteja mgeni alipoingia na kuuliza mwenyewe yuko wapi, alionyeshwa viatu viwili vilivyotokeza chini ya gari. Mama alimjibu kutoka huko huko chini.

Mama yake Lela aliitwa Rufaida. Alisomea ufundi wa magari chuoni akapata diploma, lakini cheti hakukitundika gerejini. Kilikaa nyumbani kwao, mtaa wa Tena, ndani ya kabati la nguo. "Gari haliwezi kusoma cheti," alisema mtu alipomwuliza.

Aliajiri mafundi wawili. Ng'ang'a alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na angeweza kufanya kazi asubuhi nzima bila kusema neno. Shiundu alikuwa kijana aliyetoka chuo juzijuzi, naye aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Jumamosi moja kulikuwa na magari mawili chini ya paa. La kwanza lilikuwa la bluu, mali ya Bwana Mutisya. Lilikuwa gari la mashindano, lenye turbo, yaani mashine inayosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili gari lipate nguvu zaidi. Mutisya alikuwa amelileta libadilishwe pedi za breki tu. Gari la pili lilikuwa jeupe, la mama mmoja aitwaye Qali aliyelitumia kubeba marobota ya nguo. Hilo lilikuwa linamisi. Mafundi husema gari linamisi pale silinda moja ya injini inapokosa kuwasha mafuta kwa zamu yake. Gari hutikisika, hukosa nguvu, na likipanda mlima hukohoa.

Mama alikuwa amekwenda mjini, Kirinyaga Road, kutafuta pedi za breki. Ng'ang'a akafungua boneti ya gari jeupe.

"Lela, nipe spana ya kumi."

Lela alimpa. Ng'ang'a aliitazama, akamrudishia. Ilikuwa ya kumi na mbili.

"Mtoto wa fundi huyo," Shiundu alisema akitoka kwenda kushughulikia gari lililozimika barabarani. "Kesho atakupa kijiko."

Lela alitafuta spana ya kumi akaileta mbio.

Ng'ang'a alichomoa koili kwenye gari jeupe. Koili ni kidude cheusi, kirefu kama tochi ndogo. Hukaa juu ya plagi na kuipa umeme mkali, plagi ikatoa cheche, na cheche ndiyo inayowasha mafuta. Kila silinda ina plagi yake na koili yake. Ng'ang'a aliifuta koili hiyo kwa petroli, akaigeuzageuza kutafuta ufa, asiuone. Kisha alikwenda kwenye gari la bluu, akafungua bolti moja, akachomoa koili ya silinda ya nne, ile ya mwisho, upande wa betri. Nayo akaifuta.

"Unachukua ya Bwana Mutisya?" Lela aliuliza.

"Naazima."

"Amekubali?"

"Hayupo wa kukataa."

Kuazima kulikuwa kawaida ya gereji nyingi pale Kayole. Ukiwa na gari bovu na gari zima, na yote mawili yanatumia kifaa cha aina moja, unachukua kifaa kwenye gari zima unakijaribu kwenye bovu. Gari bovu likipona, umejua ugonjwa. Unarudisha kifaa cha watu, unanunua kipya. Ni njia ya haraka, na mara nyingi mwenye gari hajui kitu.

Ng'ang'a alilipeleka gari jeupe barabarani, akarudi akitikisa kichwa kwa kuridhika. Lilikuwa limepona. Alituma koili mpya iletwe kutoka duka la vipuri la jirani, akachomoa ile ya kuazima, akaiweka juu ya kitambaa mezani, kando ya ile mbovu.

"Ya kushoto ni ya Mutisya," alimwambia Lela. "Irudishe pale pale, silinda ya nne. Ya kulia itupe kwenye debe la vyuma. Utaweza?"

"Nitaweza."

Lela alikwenda kuosha mikono kwanza, kwa sababu mama alikataza mtu kushika vitu vya umeme kwa mikono yenye grisi. Aliporudi, Shiundu alikuwa mezani akijifuta mikono kwa kile kitambaa.

"Niaje, fundi mdogo?"

"Poa," Lela alisema.

Shiundu akaenda zake na kitambaa begani. Koili mbili zilikuwa zimebingirika mpaka kwenye ukingo wa meza, moja juu ya nyingine.

Lela alizishika zote mbili. Zilikuwa na rangi moja na namba zile zile. Zote zilikuwa zimefutwa petroli zikang'aa sawasawa. Alizipima kwa mikono, akazinusa. Ng'ang'a alikuwa hapo karibu, ameinama ndani ya gari jeupe. Ilikuwa ni kumwita tu na kusema: zimechanganyika, sijui ipi ni ipi.

Alifikiria spana ya kumi na mbili. Alifikiria kijiko.

Moja ilionekana kama mpya kidogo kuliko nyingine. Lela aliitazama mpaka akakubaliana na macho yake kwamba ilikuwa mpya zaidi. Akaichomeka kwenye gari la bluu, akakaza bolti, akasikia soketi ya waya ikifunga kwa mlio mdogo. Ile nyingine akaitupa kwenye debe.

"Umemaliza?" Ng'ang'a aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo."

Mchana, jua lilipoingia chini ya paa, Shiundu alilisogeza gari la bluu kivulini. Hakushuka mara moja. Alikaa ndani mlango ukiwa wazi, akakanyaga mafuta mara mbili ili asikie turbo ikivuta pumzi. Wacuka, aliyeuza chai langoni, alimcheka. "Gari la wenyewe hilo, shuka," alimwambia. Mama aliporudi alifunga pedi mpya, akalizungusha gari polepole mtaani kujaribu breki, na jioni Mutisya akalichukua. Ng'ang'a akaaga. Alikuwa na msiba kwao Murang'a, na hangerudi mpaka wiki ile iishe.

*

Jumatatu Lela alipopita gerejini kutoka shuleni, alilikuta gari la bluu limerudi. Mutisya alikuwa amesimama kando yake, mikono kifuani.

"Mama Lela, nililileta zima," alikuwa akisema. "Ukiliendesha polepole halina neno. Ukikanyaga, turbo ikianza kusukuma tu, linatetemeka, taa ya injini inawaka na kuzima. Linakohoa kama mzee wa sigara. Na Jumapili nina mashindano."

"Tutaliangalia," mama alisema.

"Liangalie. Lakini nakuuliza: nani aliliendesha?"

"Mimi. Kujaribu breki."

"Wewe sikushuku."

Mutisya aligeuka akamtazama Shiundu. Shiundu aliacha kazi aliyokuwa akifanya.

Mama aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ilionyesha kwamba silinda inayokosa ni ya nne. Alichomoa plagi ya silinda hiyo, akaitazama juani, akaweka mpya. Walipolijaribu barabarani, gari likakohoa vile vile. Alipima koili zote nne kwa mita, zikatoa kipimo kimoja.

"Hizo koili niliweka mpya mwanzo wa mwaka," Mutisya alisema. "Huko usipoteze muda."

Mama hakupoteza muda huko. Alikagua kifaa kinachonyunyizia mafuta ndani ya silinda ya nne, akakisafisha, akakirudisha. Mambo yakawa yale yale. Ilikuwa Jumanne jioni alipofunga boneti na kupangusa mikono.

"Kilichobaki kiko ndani," alisema. "Pistoni, au ringi zake. Gari la turbo likikimbizwa kabla injini haijapata moto, ringi zinaweza kukatika. Itabidi nifungue injini."

"Umenisikia nilivyosema," Mutisya alimjibu. "Kuna mtu alilikimbiza."

Mama alimwita Wacuka, akamwuliza mbele ya wote aliona nini Jumamosi. Wacuka hakupenda kuulizwa. Alisema alimwona Shiundu ndani ya gari, akivumisha injini. Kama alitoka nalo barabarani, yeye hakuona, maana alikuwa akienda kuchota maji na kurudi.

"Sikulitoa," Shiundu alisema. "Nilikanyaga mafuta hapa hapa, mara mbili. Basi."

"Sheria ya hapa unaijua," mama alisema. "Gari la mteja si la kuchezea."

"Nakubali nilicheza. Sikubali kwamba nimeharibu."

"Kaa nyumbani mpaka nifungue injini nione. Nikikuta ringi zimekatika, usirudi."

Shiundu alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Hakutania mtu. Alipita karibu na Lela bila kumwona.

*

Usiku huo, nyumbani Tena, Lela alikuwa akisukuma chapati na mama akizichoma.

"Mama, silinda ya nne ni ile ya upande wa betri?"

"Hiyo hiyo. Unatoboa hiyo chapati, sukuma taratibu."

Lela alisukuma taratibu. Alikuwa akiona meza, ukingo wa meza, na koili mbili moja juu ya nyingine.

"Na koili haiwezi kuwa mbovu?"

"Nimezipima. Na mwenyewe anasema ni mpya." Mama aligeuza chapati kwa vidole. "Zingekuwa zimeguswa na mtu, ningezitilia shaka. Hazijaguswa."

Lela alifungua mdomo. Kisha mama akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Yule kijana nilimwamini," na mdomo wa Lela ukafungika.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, alimweleza Sally yote. Sally alikuwa jirani yake Tena na walisoma darasa moja, Gredi ya Saba. Alisikiliza huku akila muwa.

"Kwani una hakika uliweka ile mbovu?"

"Sina. Hata kidogo. Labda niliweka ile nzima."

"Basi nyamaza. Utaungama kitu ambacho hujui kama umekifanya? Mama yako atakufukuza gerejini bure."

"Na Shiundu?"

"Shiundu si alicheza na gari? Hata yeye amekubali." Sally alitema makapi ya muwa. "Wafungue injini. Wakikuta imevunjika, wewe huna kosa. Wakikuta haijavunjika, hapo ndipo useme."

Maneno hayo yalikuwa na busara yake, na Lela aliyashikilia mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Lakini njiani aliyafikiria upya. Mama alikuwa amewahi kumweleza kwamba injini ikishafunguliwa hairudi tu kama sufuria na mfuniko wake. Zinahitajika gasketi mpya za kuziba maungio na siku kadhaa za kazi, na Mutisya hangekuwa na gari Jumapili. Halafu kulikuwa na ile ovaroli iliyokunjwa juu ya kiti. Na siku hiyo nzima Shiundu alikuwa amekaa kwake akihesabiwa mharibifu wa kitu ambacho labda hakukiharibu.

Alipoingia gerejini, mama alikuwa tayari ameweka karai chini ya gari la bluu. Alikuwa amechuchumaa na koleo mkononi, akitaka kumwaga maji ya rejeta, yale yanayopoza injini. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kufungua injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisimame hapo, unazuia mwanga."

"Mama, usimwage kwanza."

Mama aliinua macho.

"Koili ya silinda ya nne iliguswa," Lela alisema. "Jumamosi, ulipokuwa mjini. Ng'ang'a aliiazima kujaribu gari la Qali. Halafu akaniambia mimi niirudishe, na ile mbovu ya Qali niitupe kwenye debe. Zikachanganyika mezani. Niliweka moja. Sijui ni ipi."

Upande wa pili wa mabati mtu alikuwa akigonga chuma.

"Hujui ni ipi," mama alirudia.

"Sijui."

"Ulijua kwamba hujui, siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Na Ng'ang'a alikuwepo?"

"Alikuwa karibu kabisa. Niliogopa kuchekwa. Nilikuwa nimempa spana isiyo sahihi."

Mama aliweka koleo chini. Alisimama akanyoosha mgongo. Lela alingoja kugombezwa, lakini mama alikuwa akitazama injini.

"Gari la Qali lilimisi lini? Likiwa limesimama, au likiwa na mzigo?"

"Likipanda mlima."

"Likiwa na mzigo, basi. Injini ikiwa na moto." Mama aligonga boneti kwa vidole. "Koili ikiwa na ufa mdogo sana, ikiwa baridi inapima sawa na nyingine. Ikipata moto na kazi nzito, umeme unavujia pembeni na cheche inakufa. Na kwa gari la turbo ni mbaya zaidi. Hewa iliyobanwa ndani ni nyingi, cheche inahitaji nguvu kuipenya. Mita yangu isingeonyesha hilo hapa kivulini."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijui. Wewe hujui, na mimi sijui. Kwa hiyo tutajaribu, hatutabahatisha. Lete spana ya kumi."

Lela alileta. Aliisoma namba mara mbili kabla ya kumpa.

Mama hakuenda kwenye debe. Alichomoa koili ya silinda ya nne akaihamishia silinda ya kwanza, na ya kwanza akaihamishia ya nne. Kisha akachukua rangi nyeupe ya kuandikia matairi, akaitia alama ile iliyotoka ya nne.

"Kwa nini usiweke ile ya kwenye debe moja kwa moja?" Lela aliuliza.

"Kwa sababu nikibadilisha vitu viwili kwa pamoja sitajua kilichoponya ni kipi. Nimehamisha kitu kimoja tu. Ugonjwa ukibaki silinda ya nne, koili haina kosa, nami nitafungua injini. Ugonjwa ukihamia silinda ya kwanza, umeifuata koili."

Akampigia simu Mutisya. Hakutaka mtu mwingine aendeshe gari hilo kwa kasi. Mutisya alifika akiwa amevaa nguo za kazini, mama akamweleza yote bila kuzunguka, pamoja na lile la kuazima. Mutisya alikaza uso.

"Mlichomoa kitu kwenye gari langu bila kuniuliza?"

"Ndiyo. Mimi sikuwepo, lakini gereji ni yangu."

"Na mkanyamaza siku zote hizi?"

"Mimi ndiye niliyenyamaza, Bwana Mutisya," Lela alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

Mutisya alimfungulia mlango. "Ingia nyuma," alisema. "Funga mkanda."

Walitoka mpaka Kangundo Road. Mama alikaa mbele, mashine ya kusoma kompyuta ikiwa mapajani. Kwanza gari lilikwenda bila tatizo, na Lela akaanza kuomba kimoyomoyo, bila kujua anaomba nini. Koili ikiwa mbovu, kosa lilikuwa lake. Ikiwa nzima, Shiundu angefukuzwa.

Barabara ilipokuwa wazi Mutisya alikanyaga. Turbo ilipiga mluzi, viti vikawasukuma mgongoni, na mara gari likatetemeka. Likakohoa. Taa ya injini ikawaka na kuzima.

"Silinda gani?" Mutisya aliuliza.

Mama alisoma. "Ya kwanza."

Mutisya aligeuza gari, wakarudi gerejini.

Debe la vyuma lilimwagwa chini. Kati ya pedi za breki zilizoisha na bolti zenye kutu, Lela aliiona koili nyeusi, akaipangusa, akampa mama kwa mikono miwili. Mama aliikagua, akaifunga. Ile yenye alama nyeupe akaipiga nyundo ikapasuka vipande, ili isije ikachanganyika tena na kitu chochote. Wakarudi Kangundo Road. Safari hii Mutisya alikanyaga, turbo ikapiga mluzi, na gari likaondoka moja kwa moja, bila kutetemeka.

"Limepona," alisema. Alipofika gerejini hakuzima injini mara moja, alikuwa akiisikiliza. Kisha akamgeukia mama. "Nitaendelea kulileta hapa, kwa sababu umeniambia ukweli nikiwa sijaujua. Lakini siku nyingine mkitaka kuazima kitu changu, nipigieni simu."

"Hakuna siku nyingine," mama alisema. "Kuanzia leo hapa hakuna kuazima. Ng'ang'a akirudi nitamwambia mwenyewe."

*

Jua lilikuwa bado halijatua mama alipofunga lango. Badala ya kushika njia ya Tena, aligeukia ndani ya mtaa.

"Tunaenda wapi?"

"Kwa Shiundu."

"Si unaweza kumpigia simu?"

"Kwani nilimpigia simu nilipomwambia asije? Nilimfukuza mbele ya watu, ana kwa ana."

Shiundu aliishi orofa ya tatu katika ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Walimkuta amekaa kwenye ngazi akisafisha viatu vyake kwa mswaki wa zamani. Alisimama alipowaona.

"Injini umefungua?" aliuliza.

"Sikufungua. Ilikuwa koili," mama alisema. "Lela, mweleze."

Lela alimweleza. Safari hii ilikuwa ngumu kuliko mbele ya Mutisya, kwa sababu Mutisya hakuwa na viatu mkononi. Alisema kuhusu meza, kitambaa, na koili zilizobingirika. Alisema pia kwamba tangu Jumanne alikuwa na wasiwasi na akanyamaza.

Shiundu alikaa tena kwenye ngazi. "Tangu jana naambia watu hapa kwamba niko likizo," alisema. "Jirani mmoja akaniuliza, likizo ya kazi gani hiyo ya katikati ya wiki?"

"Samahani."

"Ningekuwa sijachukua kile kitambaa, labda zisingechanganyika." Alisugua kiatu kidogo. "Na ningekuwa sijakucheka, labda ungeuliza. Lakini Lela, mimi nacheka kila mtu. Hata mamako namcheka, basi tu hajanisikia."

"Nakusikia," mama alisema.

Shiundu alitazama chini, na Lela aliona mdomo wake ukijizuia kutabasamu.

Mama hakukaa. Alisimama pale pale, mkoba begani. "Shiundu, mimi nami nina neno. Gari nililipima mara nne kabla ya kutaka kulifungua. Wewe sikukupima hata mara moja. Nilisikia ulikanyaga mafuta, nikajaza mengine mwenyewe. Nimekosa, na kesho nitalisema hilo gerejini, Wacuka akiwepo, kwa sababu alikuwepo nilipokushtaki. Njoo kazini saa yako ya kawaida."

"Na lile la kuchezea gari la mteja?"

"Hilo ni kosa lako, na litabaki lako. Utafagia kiwanja mwezi mzima."

"Kufagia si kazi ya Lela?"

"Lela atakuwa na kazi nyingine. Kila kifaa kitakachotoka kwenye gari, yeye ndiye atakayekitia alama kwa rangi kabla hakijawekwa mezani. Na akisahau, ataniambia amesahau."

Waliposhuka ngazi giza lilikuwa linaanza kuingia, na wauza mboga walikuwa wakiwasha taa zao. Lela alitembea nusu hatua nyuma ya mama yake.

"Umenikasirikia?"

"Ndiyo," mama alisema. "Lakini si kwa kuchanganya koili. Hizo hata mimi ningezichanganya. Kuna vitu vingi vya gari ambavyo mpaka leo sivijui, na kila siku nauliza watu wengine. Kutojua hakujaharibu gari la mtu. Gari liliharibika pale uliposema 'nimemaliza' wakati ndani ya moyo wako ulikuwa unasema 'sijui'. Jumamosi neno hilo lingekugharimu kicheko kimoja cha Shiundu. Leo limegharimu watu watatu siku kadhaa, na lilikaribia kumgharimu kijana kazi yake. Kadiri unavyolichelewesha ndivyo linavyokuwa ghali. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sawa. Sasa niambie, kwenye mtihani wa hisabati wiki iliyopita ulipata ngapi? Naona karatasi haijafika nyumbani."

Lela alivuta pumzi, akamwambia.